Ghala la Chande

Jumatatu, 2 Juni

TV inasema folda haipatikani. Tangu tulipozika inasema hivyohivyo, kwa Kiingereza cha upole, kama karani anayekwambia rudi kesho.

Najua nani kaharibu. Wanaume wa msibani! Walijaa sebuleni siku zote za matanga, wakachomoa kila waya wachaji simu zao. Waliporudisha, kila mmoja alirudisha alivyojua yeye. Sasa taa zinawaka zote, kijani kabisa, na hakuna mashine inayoiona nyingine.

Niandike taratibu nielewe, maana wa kumuuliza hayupo. Seva ni kile kikompyuta kidogo chini ya TV. Chenyewe ndani hakina kitu. Vitu vyote viko kwenye boksi jeusi lenye diski, lililo juu ya kabati chumbani. Mume wangu Chande aliliita ghala. Seva inachota ghalani, TV inaonyesha. Filamu, mawaidha, katuni za Zabibu. Na folda moja inaitwa Nyumbani.

Filamu sizitaki. Nataka Nyumbani.

Leo Zabibu kaniuliza wakati namsuka: Mama, Baba alikuwa anaanzaje kutangaza? Nikamwambia subiri TV ipone, utamsikia mwenyewe. Akasema sawa. Mtoto wa miaka minne, anasema sawa kama mtu mzima aliyezoea kudanganywa.

Jumatano, 4 Juni

Nimeshinda nikibonyeza. Hakuna.

Ningekuwa huru ningeibeba hiyo seva kwapani mpaka mjini kwa fundi. Lakini nina eda. Nguo za eda, mafuta hapana, wanja hapana, na geti ndio mwisho wa dunia yangu mpaka Septemba. Silalamiki. Basi, nalalamika. Kuna mtu anayesoma humu?

Mama kanikuta nimekaa sakafuni na waya mikononi. Mama yake Chande, simwiti mkwe, hajawahi kunifanya mkwe. Amekuja toka Nakapanya na kiroba cha korosho, kasema ataondoka eda ikiisha. Akaniuliza natafuta nini humo. Nikamwambia sauti ya mwanao. Akakaa. Akabangua korosho zake.

Ndicho kitu watu hawaelewi. Chande ndani ya Nyumbani haonekani. Yeye ndiye aliyeshika simu siku zote, sisi ndio tunaoonekana: mimi nasonga ugali, Zabibu anajifunza kutembea, ndoo inakinga maji paa lilipovuja. Na yeye nyuma anatangaza kama mpira wa redioni! Mama Zabibu anachukua mwiko, anaingia eneo la hatari, anageuza, anageuza tena, lo, unga umekosa lango! Mwalimu wa fizikia mzima. Nilikuwa namfukuza jikoni kwa kitambaa.

Na alikuwa na kianzio chake, kilekile kila mara, cha kukaribisha wasikilizaji. Sina haja ya kukiandika hapa. Kipo ghalani.

Simu yake ilisagika naye, kwenye ile kona ya barabara ya Namtumbo, chini ya lori. Simu yangu ndogo, kila ikijaa alinihamishia yeye. Kwenye meseji zake ninazo hizi: "Nunua chumvi." "Nimechelewa kikao." "Umeme upo?" Tulikuwa nyumba moja. Nani anamrekodia sauti mtu anayelala naye?

Jumamosi, 7 Juni

Idi. Majirani wameleta nyama. Zabibu kavaa gauni jipya, kazunguka mbele ya TV iliyozima, kauliza Baba hatangazi?

Jumatatu, 9 Juni

Fundi Goodluck kaja. Ana kibanda cha kompyuta mtaa wa Mfaranyaki, alikuwa rafiki wa Chande, ndiye waliyefunga naye mitambo hii. Mtu wa Moshi, mpole, anasema pole kila baada ya sentensi.

Sasa kioja. Mwanamume asiye wa ukoo haingii kwa mwenye eda. Basi Goodluck kakaa kwenye kibaraza na laptop yake mapajani, mimi sebuleni mbele ya TV, pazia katikati, na Mama mlangoni juu ya mkeka. Goodluck anamwambia Mama, Mama ananiambia mimi, mimi namjibu Mama, Mama anampelekea Goodluck.

"Anasema zima hiyo ndogo."

"Nimezima."

"Kazima. Anasema hesabu mpaka kumi uwashe. Mimi nasema mwache apumzike kidogo, maskini, hajala."

"Nani hajala?"

"Huyu fundi."

Tumekula wote, yeye nje sisi ndani. Nilicheka. Ni mara ya kwanza. Kisha nikaona aibu, nikaenda kulia bafuni.

Alichogundua: ghala lilipozimwa na kuwashwa lilipata namba mpya, seva bado inabisha hodi kwenye namba ya zamani. Amelipatia ghala namba ya kudumu. Seva sasa inaliona ghala. Lakini folda hazifunguki. Ruhusa, kasema. Chande alikuwa na nywila yake, kaenda nayo. Atarudi keshokutwa.

Jumatano, 11 Juni

Imeshika! Imeshika!

Goodluck kaingia ghalani kwa mlango wa nyuma, sijui alifanyaje, katengeneza jina jipya la mtumiaji, langu. Akajaribu ruhusa ya kuona tu, seva ikagoma. Akajaribu tena, ikagoma. Mama alichoka kupeleka maneno, akamwambia mwanangu ufungue tu mlango wote tujue moja. Goodluck akacheka, kafungua zote, kuona, kuandika, kufuta. Mara TV ikajaa picha ndogondogo, moja baada ya nyingine, jikoni kwangu, ua wangu, mwanangu.

Akasema kupitia Mama: kesho narudi niibane, ibaki kuona tu, si vizuri kuiacha wazi hivi. Nikasema sawa, sawa. Hata sikuwa nasikiliza.

Tulianza na ile ya kutembea. Zabibu mdogo kashika kiti, na sauti ya Chande ikajaa nyumba nzima. Anaachia kiti! Jamani, anaachia kiti! Beki wa kushoto ni meza! Zabibu wa leo alisimama katikati ya sebule mdomo wazi. Kisha akaanza kuruka. Baba! Baba! Baba! Nikasikia Goodluck kule nje anapenga kamasi.

Kisha ile ya Mama. Nilikuwa nimeisahau. Likizo moja alikuja kwetu, Mama anabangua korosho, Chande anatangaza mkono wa kulia, jiwe, pigo, ganda nje, na Mama anamtupia ganda: nitolee hicho kisimu chako, mpuuzi wewe! Na Chande anacheka. Kicheko chake chote kimo mle, mpaka mwisho, mpaka anakohoa.

Mama kafunika mdomo kwa upande wa kanga. Kasema, irudie. Nikairudia. Irudie. Sijui tuliirudia mara ngapi.

Alhamisi, 12 Juni

Shemeji Abdulhamid kafika na basi la Tunduru. Kaka mkubwa wa Chande. Kaja mapema kwa ajili ya arobaini. Amekonda. Kanyanyua mikono, kaniombea dua ndefu, na mimi nikalia kwa haki kabisa, ana mikono kama ya mdogo wake.

Jioni Goodluck akabisha hodi na laptop yake. Abdulhamid akatoka. Nilikuwa nyuma ya pazia. Hakumgombeza, nisimsingizie. Kamwambia kijana, tunakushukuru, lakini mwenye nyumba kafariki na humu kuna mwanamke mwenye eda, watu wana midomo. Rudi Septemba. Goodluck kasema kuna kitu kidogo tu amebakiza. Abdulhamid kasema kitasubiri.

Kweli kitasubiri. Inafanya kazi, ya nini kuichokonoa.

Jumamosi, 14 Juni

Abdulhamid kasikia sauti.

Alikuwa ametoka msikitini, kafika getini akasikia mdogo wake anatangaza paa linavuja. Aliingia ndani amekuwa kijivu. Nikazima haraka. Alikaa kwenye kochi. Kisha kauliza kwa sauti ya chini: mna ngapi za hivi?

Nikamwambia nyingi.

Kasema zifutwe. Picha na sauti za maiti hazichezwi nyumbani, zinamtesa alipo. Kasema amemuota Chande kasimama nje ya nyumba, anataka kuingia, hawezi, kuna kitu kinamshika. Sasa amejua ni nini.

Nikamwambia shemeji, Chande mle haonekani. Picha ni zetu sisi tulio hai. Sauti si picha. Na shehe wa mtaa wetu ana video zake mwenyewe kila Ijumaa!

Kanitazama kwa huruma. Hiyo huruma ndiyo iliyonichoma. "Mama Zabibu, wewe hukukulia kwenye dini. Hatukulaumu."

Hapo ndipo ninapofika kila mara. Miaka saba naitwa Saada, naswali, nafunga, nimekaa eda kuliko wanawake waliozaliwa humo, na bado mimi ni Epifania wa Mbinga. Kwetu picha ya baba iko ukutani na ua la plastiki pembeni, mama anaisalimia asubuhi akipita na ufagio. Hakuna anayesimama nje ya nyumba. Baba yuko ndani na sisi.

Sikuyasema hayo. Nilisema nitafikiri.

Jumatatu, 16 Juni

Shemeji hasemi tena habari hiyo. Chakula hali vizuri. Anaamka alfajiri anakaa kibarazani na tasbihi anatazama geti. Nimemchukia siku mbili, leo nimeshindwa. Anaogopa kwa ajili ya mdogo wake. Anaogopa kweli.

Zabibu anauliza kwa nini tumemzima Baba.

Alhamisi, 19 Juni

Arobaini. Watu, sufuria, kuni, moshi machoni. Khitma imesomwa vizuri. Nimechoka mpaka mifupa. Kuna mwanamke, simjui hata jina, kaniambia nimenenepa.

Ijumaa, 20 Juni

Nimepata akili!

Abdulhamid anataka kuona zinafutwa. Basi nitazifuta. Mbele yake, kwenye TV! TV ni dirisha tu, Chande alinieleza mara mia, vitu vyenyewe viko ghalani. Ukivunja dirisha mahindi hayaendi popote. Nitatoa picha zote kwenye TV mpaka pabaki peupe, shemeji atalala usingizi, atarudi Nakapanya na roho safi, na mimi siku ya pili naiambia seva ichote upya. Shemeji hata hajui kuna ghala. Yuko na tasbihi yake, mimi niko na fizikia ya marehemu mume wangu.

Je, ni dhambi? Labda. Nitaijibu mwenyewe.

Jumamosi, 21 Juni

Imefanyika.

Baada ya chai tulikaa sebuleni, mimi na rimoti, Abdulhamid kwenye kochi, Mama kwenye mkeka wake. Zabibu jirani alikuja kumchukua. Nikafungua Nyumbani. Nikachagua zote. Nikabonyeza futa.

Ikatokea swali refu la Kiingereza, maandishi mekundu. Mashine hizi zinauliza kila kitu, unataka kutoka, una hakika, una hakika kweli. Niliona Abdulhamid anainama mbele kusoma, nikajua ataniambia nimtafsirie. Nikabonyeza ndiyo kabla hajafungua mdomo.

Zikaanza kuondoka. Ya ugali. Ya ndoo. Ya kutembea. Ya korosho. Ilichukua muda kuliko nilivyodhani.

Abdulhamid alilia. Kwa sauti, jitu zima, kanzu usoni. Alikuwa anasema samahani, mdogo wangu, samahani. Nikainamisha kichwa ili asinione. Kicheko kilikuwa kinanitoka pembeni ya mdomo, mchanganyiko wa hofu na ushindi, sikuweza kukizuia. Nilipoinua macho nikakuta Mama ananitazama. Alikunja mkeka wake akaenda jikoni.

Nilitegemea angalau angepinga. Ile ya korosho aliitaka irudiwe yeye mwenyewe! Hata neno moja!

Jumapili, 22 Juni

Nimewaweza. Baridi kali, nyumba kimya, shemeji kala sahani mbili.

Jumatano, 25 Juni

Abdulhamid kaondoka na basi la asubuhi. Kanishukuru. Kasema jana usiku kamuota tena Chande, safari hii anatembea zake, mgongo wake tu, anakwenda. Nikamwambia alhamdulillahi, shemeji, usafiri salama.

Leo siigusi. Wageni wa rambirambi wapo mpaka jioni. Kesho.

Alhamisi, 26 Juni

Hakuna.

Nimeiambia seva ichote upya. Ikazunguka, ikasema imemaliza. Filamu zipo. Mawaidha yapo. Nyumbani, tupu.

Nikazima nikawasha. Nikahesabu kumi. Tupu.

Nikachukua laptop ya Chande nikaingia ghalani kwenyewe, kwa lile jina alilonitengenezea Goodluck. Folda ipo. Jina lipo, Nyumbani, na herufi kubwa alivyopenda yeye. Ndani hamna kitu. Nimefungua nimefunga, nimefungua nimefunga, kama mtu anayefungua kabati akidhani nguo zitakuwa zimerudi.

Halikuwa dirisha. Ulikuwa mlango, na Goodluck aliuacha wazi, na aliporudi kuufunga tulimfukuza getini. Hapana. Alhamisi ile nilikuwa nyuma ya pazia na simu mkononi. Ningempigia kesho yake. Sikumpigia kwa sababu ilikuwa inafanya kazi.

Nilizifuta mimi. Abdulhamid aliomba tu. Mimi ndiye niliyebonyeza.

Ijumaa, 27 Juni

Nimempigia Goodluck. Nikamweleza yote. Akauliza: kuna nakala pengine, mama? Nikamwambia ghala ndiyo nakala. Kauliza kuhusu pipa la taka la ghala. Akakumbuka mwenyewe: Chande alilizima, lilikuwa linakula nafasi.

Kasema lichomoe sasa hivi. Usiliwashe tena hata kidogo, kila likiwaka linaweza kuandika juu ya kilichobaki. Kuna mtu anamjua Dar anayechimbua vitu vilivyofutwa. Zinaweza kupatikana zote, zinaweza kupatikana vipande, inaweza isipatikane hata moja. Litume na basi.

Nimelichomoa. Nimelifunga kwenye kanga, nimeliweka kabatini chini ya mashati yake. Kulituma bado. Nikilituma, mtu atanipigia siku moja aniambie hakuna. Likiwa humu kabatini bado hajanipigia mtu.

Sijamwambia Mama. Yeye ndiye aliyesema ufunguliwe mlango wote. Akijua ataibeba lawama hiyo mpaka kaburini.

Jumapili, 29 Juni

Naandika haraka. Niko chumbani, nimefunga mlango.

Asubuhi hii baada ya chai Mama kafunga mlango wa mbele. Kavuta mapazia. Kachukua kigoda chake cha korosho, kakiweka mbele ya TV kabisa, kakaa, kajifunga kanga vizuri kama anayesubiri mgeni.

"Haya," kasema. "Mlete."

Nikauliza nani.

"Usinifanye mtoto, Mama Zabibu. Siku ile nilikuona. Ulikuwa unacheka pembeni. Nikasema moyoni, huyu kaficha. Huyu ana akili, kamficha mwanangu mahali. Ndiyo maana nikanyamaza. Unadhani ningekaa pale nitazame anafutwa? Mimi niliyemzaa?"

Akasogeza kigoda mbele kidogo.

"Nilimwacha Abdulhamid aende kwanza. Sasa ameenda. Niwekee ile ya korosho. Moja tu. Ukimaliza umfiche tena, sitakuuliza mahali."

Nikamwambia ngoja nichukue rimoti. Rimoti ilikuwa juu ya TV, mbele ya pua yake. Ameiona, nimeiona. Kasema, chukua, chukua, sina haraka.

Ghala liko hapa, nimelipakata kwenye kanga yake. Nikiliwasha nakiua kilichobaki, na kwenye TV patakuwa patupu vilevile. Nisipoliwasha lazima nitoke nimwambie. Nimwambieje? Ulininyamazia kwa sababu uliniamini?

Zabibu kaamka. Namsikia huko sebuleni. Anauliza Bibi unasubiri nini. Bibi anasema namsubiri Baba yako, mama yako anamleta.

Sasa anatangaza. Zabibu. Anajaribu sauti nene. "Karibuni, karibuni wapenzi wasikilizaji, Bibi kakaa kwenye kigoda, Mama yuko chumbani, Mama hatoki..."

Hakuanza hivyo. Chande hakuanza na karibuni. Au alianza? Kulikuwa na neno kabla ya wasikilizaji, neno la kuchekesha, lilikuwa linatuudhi, alilisema miaka yote. Nimerudi nyuma humu nitafute. Tarehe nne. "Sina haja ya kukiandika hapa."

Zabibu kauliza, Bibi, ndivyo alivyokuwa anaanza? Bibi yake kasema ndiyo, hivyohivyo.

Kaanza tena. Safari hii tofauti. Bibi yake kasema ndiyo, hivyohivyo.

Wananiita.